Kuchagua Chombo cha Safari ya Mashabiki Ziwani: Ushauri kwa Kamati Mpya

Kamati nyingi mpya zinazoandaa safari za mashabiki kwenye Ziwa Victoria hapa Kisumu huanza na swali moja: ni chombo gani kitatosha watu mia? Mimi huwauliza kwanza hao watu mia watakuwa wakifanya nini humo ndani. Mashabiki wa kandanda wanaokwenda kutalii kisiwani watakaa vitini, wapige soga na picha. Mashabiki wa benga, muziki wetu wa magitaa, hawakai. Gitaa la kwanza likilia, wote wako wima, na mguu mmoja wa kila mtu unakanyaga sitaha kwa wakati mmoja. Hesabu ya watu inaweza kuwa ile ile, lakini chombo kinachofaa kundi la kwanza huenda kisifae la pili hata kidogo.

Basi kabla ya kwenda gatini kuangalia meli, kaeni chini muiandike siku nzima saa kwa saa: mnaondoka lini, muziki unaanza lini, chakula kinaliwa wapi, mnashuka mahali au mnazunguka tu na kurudi. Boti nyingi za abiria huku kwetu hazina haraka. Tuseme chombo kinakwenda kilomita 15 kwa saa. Kisiwa kikiwa kilomita 30 kutoka Kisumu, hizo ni saa mbili za kwenda na mbili za kurudi. Kundi lililotangaziwa sherehe ya kisiwani litakuta nusu ya siku yake imeishia majini, na kama majini hakuna kivuli, choo wala pa kunyoosha miguu, watu watashuka wamechoka na jua limewapiga. Kwa kundi la watu ishirini au thelathini napendelea mzunguko mfupi kutoka ufuo wa Dunga hapa Kisumu kuliko safari ndefu yenye jina kubwa.

Sasa namba. Kila chombo halali cha abiria kina cheti cha ukaguzi kutoka Mamlaka ya Bahari ya Kenya (KMA), na humo imeandikwa idadi ya watu kinaoruhusiwa kubeba. Ombeni kukiona cheti chenyewe, si picha kwenye simu, na msome tarehe ya mwisho. Idadi hiyo ndiyo ukomo. Haina nafasi ya shemeji aliyekuja dakika ya mwisho, na wanamuziki na wapishi wenu nao wanahesabiwa ndani yake. Kwa kundi linalocheza, mimi hushuka hata chini ya hapo: chombo kilichoidhinishwa watu 100 nakiuzia tiketi 60 au 65. Cheti kinahesabu watu wanaovuka tu, ilhali wewe unataka uwanja wa kucheza, meza ya chakula na kona ya wazee.

Wako watakaosema huo ni woga. Wakumbusheni MV Nyerere, kivuko cha wenzetu wa Tanzania, kilichopinduka tarehe 20 Septemba 2018 kikiwa karibu kabisa kufika gati la kisiwa cha Ukara. Kilikuwa kimeruhusiwa kubeba watu 101. Waliokufa walizidi 200. Ziwa ni hili hili letu, na ufuo ulikuwa unaonekana.

Nieleze kidogo jinsi chombo kinavyopoteza uthabiti, maana hapa ndipo kamati nyingi hupita haraka. Katika hesabu za meli, mtu mmoja hukadiriwa kilo 75. Watu 60 ni kilo 4,500, yaani tani nne na nusu za mzigo unaotembea kwa miguu yake. Mzigo wa magunia ukifungwa unatulia. Huu wenu ukisikia mtu amepaza sauti “viboko wale pale!” karibu na Hippo Point, wote hukimbilia ubavu mmoja na simu mkononi. Chombo chembamba chenye sitaha ya juu kitalala upande ule papo hapo. Chombo kipana chenye sitaha moja ya chini kitainama kidogo na kurudi. Kwa hiyo nikilinganisha vyombo viwili, upana unanivutia kuliko urefu, na ghorofa ya pili hainivutii hata kidogo, ingawa najua ndiyo inayopendeza kwenye bango la tangazo. Kama ghorofa ipo, afungue nahodha mwenyewe na ahesabu wanaopanda. Spika kubwa na jenereta zikae chini, katikati ya chombo. Ukizipandisha juu umepandisha uzito wote, na chombo kilichokuwa thabiti kinaanza kuyumba kama mlevi.

Jenereta ina mambo yake. Moshi wake unaua mahali pasipo na hewa, na petroli ya akiba karibu na jiko la mkaa ni janga linalongoja. Muulize mwenye chombo umeme wake unatosha kuendesha mitambo ya muziki kiasi gani, kisha mpeleke fundi wenu wa sauti akapime kabla ya siku yenyewe. Kama umeme hautoshi, afadhali bendi ndogo ya magitaa mawili na ngoma kuliko mitambo mizito inayotegemea jenereta iliyofungwa kwa kamba nyuma.

Nendeni mkakikague chombo wawili watatu, mmoja wenu awe mama mtu mzima au mzee, kwa sababu ataona msiyoyaona. Mashabiki wa benga wana umri. Kijana anaruka kutoka gatini hadi sitahani bila kufikiri, lakini mzee mwenye magoti mabovu anahitaji ngazi yenye mahali pa kushika. Kwenye fuo zisizo na gati, abiria hubebwa mgongoni na vijana hadi kwenye boti, na si kila mama atakubali kubebwa akiwa amevaa kitenge chake kipya mbele ya wakwe. Ulizeni chombo kinazama kiasi gani kikiwa kimejaa, na huko mnakokwenda maji yana kina gani. Ghuba ya Winam, hii ya ziwa iliyo mbele ya Kisumu, ni ya maji mafupi sehemu nyingi, na meli kubwa inaweza kushindwa kukaribia ufuo unaofikiwa na boti ndogo kila siku. Magati yenyewe yanabadilika. Mwaka 2020 ziwa lilipanda kupita hata kiwango cha miaka ya sitini, likafunika magati na fuo tulizozizoea. Anayekuambia “tulikuwa tunashukia pale” muulize alishukia lini.

Majaketi okozi msiyahesabu tu yakiwa kwenye rundo. Toeni moja moja, vuta mikanda, fungua vifungo, angalia kama kitambaa kimechanika na povu la ndani limeanza kumeguka. Ulizeni ya watoto yako wapi. Jaketi la mtu mzima kwa mtoto wa miaka sita litampanda kichwani na kumwacha atokee kwa chini. Choo nacho kiangalieni, tena mkijaribu. Kwa sherehe yenye vinywaji, choo kimoja kwa watu 25 ndio ukomo wangu.

Gugumaji sasa, lile gugu linaloelea ziwani. Mgeni akiangalia ziwa asubuhi anaona maji matupu. Jioni upepo umelisukuma gugu lote na gati limefungwa na zulia la kijani. Mizizi yake myeusi hujisokota kwenye rafadha, yaani pangaboi linalosukuma chombo, na kuziba mdomo wa maji yanayopoza injini. Boti yenye injini ya kupachika nyuma ina faida: mwendesha boti anaiinua, anakata majani kwa panga, anaishusha, safari inaendelea. Chombo chenye injini ya ndani hakiwezi kufanya hivyo, lakini kikiwa kikubwa kina nguvu ya kupasua njia. Chombo cha kati, chenye injini ya ndani yenye nguvu ndogo, ndicho ninachokiogopa msimu wa gugumaji. Siku mbili kabla ya safari, zungumzeni na wavuvi wa ufuo mnaotumia. Hakuna tangazo linalowashinda wao kwa habari hiyo.

Kuhusu kukua kwa kundi: msiangalie idadi ya walio kwenye grupu la WhatsApp. Angalieni waliolipa nusu kwa M-Pesa kufikia tarehe mliyopanga. Chombo kikubwa kinakodiwa kizima, kijae kisijae. Tuseme kukikodi ni shilingi 180,000 kwa viti 120. Mkijaza, kila mtu anabeba 1,500. Wakija 70, kila mmoja anabeba zaidi ya 2,500, na mweka hazina ndiye atakayejibu. Zaidi ya hapo, watu 70 waliotawanyika kwenye sitaha ya watu 120 hawachezi. Wanajikusanya pembeni kama wageni msibani.

Kuna hatua ya katikati ambayo wengi huiruka. Makundi yanayosafiri na meli kubwa za baharini huanza kwa kuchukua sehemu ya vyumba katika safari ya kawaida, na meli nzima hukodiwa baadaye kundi likishakomaa. Huku kwetu kuna feri inayovuka kati ya Luanda Kotieno na Mbita. Kundi la watu arobaini linaweza kukata tiketi za kawaida, likavuka pamoja na wafanyabiashara na magari yao, likafanyia sherehe yake nchi kavu upande wa Mbita au Rusinga, pengine likapita kwenye kaburi la Tom Mboya, kisha likarudi. Mtajifunza wangapi kati yenu wanaugua mawimbi, nani huchelewa, na chakula kiasi gani huliwa, bila kubeba gharama ya chombo kizima.

Mkikua zaidi, chaguo huwa kati ya chombo kimoja kikubwa na boti mbili au tatu zinazofuatana. Boti zinazofuatana zina uzuri wake, moja ikizimika nyingine iko karibu, ila bendi inakuwa kwenye moja tu na wengine wanaona wametengwa. Mimi huchagua chombo kile kile kizuri kinachofanya mizunguko miwili siku moja, ya kwanza saa tatu asubuhi kwa familia na wazee, ya pili saa sita kwa vijana.

Msiupange mzunguko wa mwisho kuelekea jioni. Asubuhi upepo hutoka nchi kavu. Jua likipanda hugeuka, ukaanza kuvuma kutoka ziwani. Kisumu iko mwisho wa ghuba upande wa mashariki, hivyo mkirudi alasiri mawimbi yanawafuata tezini, yaani nyuma ya chombo, na kufunga gatini ndipo kunapokuwa kugumu kuliko safari yote. Saa tisa nataka kila mtu awe ameshuka.

Na katika mkataba andikeni mambo mawili kabla ya kutoa hata shilingi moja. Kwanza, nahodha peke yake ndiye anayeamua kama chombo kinaondoka, na hakuna mwenyekiti wala mfadhili anayeweza kumbishia. Pili, akisema hapana kwa sababu ya hali ya hewa, malipo yanahamia tarehe nyingine bila kukatwa. Mwenye chombo akikataa hilo la pili, tafuteni mwingine, kwa sababu nahodha wake atakuwa na kila sababu ya kusema ndiyo.