Barua kwa mwanangu: kuhusu sungura uliyemchukua

Mwanangu,

Picha nimezipata zote, na ule ujumbe wako mrefu wa sauti nimeusikiliza mara mbili, mara ya pili nikiwa nimezima redio. Unauliza kama umpigie simu yule mpangaji aliyehama mwishoni mwa Agosti akamwacha sungura kwenye roshani. Keateka amekupa nambari, hasira unayo, na unataka nikuambie ni sawa. Nitafika hapo. Acha kwanza nikueleze nilichoona kwenye hizo picha, maana sidhani keateka amekuambia yote.

Huyo ni sungura wa aina ya California. Mwili mweupe, ila pua, masikio, miguu na mkia vina rangi ya moshi. Keateka anasema watoto wa yule bwana walimpenda mno, na kwamba taabu ilianza siku walipohama. Sasa fungua picha ile uliyopiga kutoka juu. Unaona ufito mweusi unaotoka mabegani hadi karibu na kiuno? California hazaliwi nao. Manyoya ya aina hiyo huota meusi pale ngozi ilipo baridi, ndiyo maana ncha zote za mwili ni nyeusi na tumbo ni jeupe. Akinyonyoka mgongoni wakati wa baridi, yanayoota upya huwa meusi, na hubaki hivyo mpaka abadilishe manyoya tena. Jike hujinyonyoa kifuani na tumboni atengeneze kiota, lakini mgongoni hafiki. Huyu aidha alikuwa na upele, au alikaa kwenye kizimba kifupi kiasi kwamba waya wa juu ulimsugua kila alipoinuka. Manyoya yakatoka, yakaota tena katika baridi ile ya Juni na Julai. Yaani wenyewe walikuwa bado wako hapo nyumbani. Na hizo kucha zilizopinda hazikuota kwa wiki mbili.

Halafu kuna tundu sikioni, la kushoto, karibu na ukingo. Hilo si jeraha, limekaa duara mno. Hapo palikuwa na hereni ya nambari. Mfugaji anayetia hereni ana daftari, na ndani ya daftari kuna tarehe ya kuzaliwa, mama yake na baba yake. Kwa hiyo huyo mnyama alianza maisha akiwa anahesabiwa. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kuliko hata hayo magamba yaliyo masikioni mwake.

Haya mambo ya ufito nilielezwa na daktari wa mifugo kule Kabete, mwaka ule nilipompelekea wale wa mjomba wako. Wewe unawakumbuka kwa sababu walikaa bafuni kwetu na ulikuwa ukiogea jikoni. Lakini sijawahi kukusimulia nilivyowakuta.

Ilikuwa 2013, nchi nzima inaimba sungura. Nyama haina mafuta, mkojo unauzwa kama mbolea, kila gazeti lina mkulima anayetabasamu. Wakaja watu na gari zuri mpaka Limuru, wakamuuzia mjomba wako vizimba na mbegu za California na New Zealand, wakamwahidi kwamba wakifikisha uzito watarudi kuwanunua wote. Akachukua mkopo wa chama. Unajua mjomba wako, akiamua jambo haliamui nusu. Daftari lake lilikuwa na mistari ya rangi mbili. Kila jike aliandikiwa siku ya kupandishwa na siku ya kuzaa, mwezi mmoja na siku moja mbele, na hakosei. Sungura wakafikisha uzito. Simu ya wale watu haikushika. Krismasi ile tulikula sungura mpaka binamu zako wakasusia, na bado vizimba vilijaa.

Julai iliyofuata nikapanda kumsalimia. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye majani chai. Alinikaribisha chai, akaniuliza habari zako, hakutaja sungura. Nikazunguka nyuma ya nyumba mwenyewe. Masikio ya yule dume mkubwa yalikuwa yamezibwa na magamba ya kahawia, tabaka juu ya tabaka, kichwa kimeinama upande mmoja kwa uzito na maumivu. Nyayo zilikuwa na vidonda vya waya. Chupa za maji zilikuwa kavu, zimebaki na ukijani ndani. Na hatua chache kutoka hapo, mwanangu, tangi la maji ya mvua lilikuwa linafurika.

Nikamwita. Akasimama mlangoni, hakukaribia. Akasema, "Hao si sungura, dada. Hao ni deni."

Nimesema siku zote, na utanichoka: mnyama akikosa soko ndiye wa kwanza kusahaulika. Anayeuza ahadi ndiye anayeua, na yeye haji kuona. Hilo naliamini hata leo. Wale watu wa gari zuri walistahili kusimamishwa mbele ya kile kizimba.

Lakini tangi lilikuwa limejaa. Kila nikimtetea kaka yangu nafika kwenye lile tangi nakwama. Nyasi zilikuwa hadi kiunoni kando ya ua. Maji hayana soko, hayana mkopo. Halafu najijibu tena: mtu akiona aibu hawezi kuangalia kile kinachomwaibisha, na huwezi kumnywesha usiyeweza kumwangalia. Halafu nakumbuka kwamba mwezi uleule ndiye aliyekulipia karo ya kidato cha tatu, akatuma kwa M-Pesa bila hata kuniambia. Mtu huyohuyo.

Na huyu mpangaji wako? Yeye hakuwa na mkopo wa sungura. Aliwanunulia watoto kitu cha kuchezea. Hapo soko silioni, ila pia mnyama asiyetarajiwa kuleta chochote ni rahisi kumpita asubuhi ukiwahi matatu. Sijui kodi ilikuwa imemshinda au la. Ninalo neno la kumwambia, liko hapa kwenye ulimi, na ungekuwa umekaa karibu nami ungelisikia. Sitaliandika.

Kuhusu masikio: usibandue hayo magamba. Chini yake ni nyama mbichi. Ni utitiri, na daktari akimdunga dawa ya ivamektini magamba yatadondoka yenyewe. Usimpulizie dawa ya viroboto ya mbwa, ziko zenye fiproni na hiyo huua sungura. Usimwogeshe. Mpe nyasi kavu kwanza, kila saa ziwepo, kwa sababu meno yake hayaachi kuota maisha yake yote na ni kutafuna tu kunakoyapunguza. Sukuma wiki kidogo, mkate hapana. Akikaa nusu siku bila kula, usingoje kesho, mpeleke kwa daktari usiku huohuo, maana tumbo la sungura likisimama humaliza haraka. Nitakuja Jumamosi na gunia la nyasi kavu za boma Rhodes, mwambie keateka anifungulie geti.

Simu mpigie basi. Lakini usianze na Sura ya 360 ya sheria za Kenya, ingawa ndiyo sheria inayozuia ukatili kwa wanyama na kumnyima mnyama chakula na maji imo. KSPCA, wale wa shirika la kutetea wanyama, wako Lang'ata, hawahami. Mwulize kwanza alimnunua wapi na alikuwa mkubwa kiasi gani. Ukianza na hasira atakata, na daftari la yule mfugaji hutalipata kamwe. Nataka ujue umri wake. California anayetunzwa ndani anaweza kukaa nawe miaka 8 na zaidi, na hilo ni jambo la kujipangia.

Kucha usizikate mwenyewe, kuna mshipa ndani. Mpigie mjomba wako akuelekeze. Anawajua California kuliko daktari yeyote niliyekutana naye. Mimi na yeye habari ya sungura hatuigusi, lakini wewe hatakukatalia. Mtumie ile picha ya mgongo, usimwambie ni mimi niliyekuonyesha ufito.

Mama yako