Betri ya Massey Ferguson 240

Kaka, umeuliza kama betri ya N50, saizi ya gari dogo, inafaa trekta la Massey Ferguson 240. Usiifunge. Inaweza kuwasha leo, lakini injini ya dizeli ina mgandamizo mkubwa na stata (mota ya kuwashia injini) inavuta umeme mwingi mno. Betri ndogo itachoka mapema. Chukua ya volti 12, saizi kubwa ya N100. Kabla ya kulipa, pima sanduku la betri na uangalie ncha ya chanya (+) iko upande gani, maana ikiwa kinyume nyaya hazifiki. Na tafadhali, safisha kwanza waya wa ethi, ule wa hasi (-) unaofungwa kwenye bodi ya trekta! Wengi hununua betri mpya kumbe tatizo ni kutu pale. Injini ikinguruma, chaji iwe kati ya volti 13.8 na 14.4.