Pikapu ya dizeli ya kuvuta tela zito: tazama nyuma kabla ya kufungua boneti

Mnunuzi mgeni hufika kwenye yadi, akafungua boneti, akasikiliza muungurumo, na moyoni ameshalipa. Kwa gari la kwendea kazini hilo lina afadhali. Kwa pikapu itakayovuta tani tatu kupanda mlima mkali kama Kitonga, anza nyuma: tandika gunia, ingia chini ya bodi na tochi mkononi, kabla hujamwambia muuzaji awashe chochote. Injini ya dizeli hufunguliwa ikatengenezwa, au hutolewa ikawekwa nyingine. Chesisi iliyopinda itakusumbua mpaka siku unaiuza, kama utapata wa kuinunua.

Kabla hata ya kwenda yadi, jua tela lako lina uzito gani. Wengi hukadiria kwa macho, na macho huona ukubwa, hayaoni uzito. Mifuko 40 ya saruji ni tani 2. Tangi la lita 2,000 ni tani 2 za maji bila kuhesabu chuma chake. Mchanga mbichi wa ujazo wa mita moja hukaribia tani 1.8. Tela lenyewe la ekseli mbili, likiwa tupu, linaweza kuwa na kilo 600 hadi 900, na yale yanayochomelewa mitaani kwa vyuma vya U huwa mazito kuliko mwenyewe anavyodhani. Lipeleke kwenye mizani ya ghala la nafaka au ya wanunuzi wa chuma chakavu, likiwa na mzigo wake wa kawaida. Ada yake ni ndogo mno ukilinganisha na bei ya giaboksi.

Ukishapata namba hiyo, isome pamoja na kibao cha chesisi. Kibao cha magari ya Ulaya huwa na mistari minne ya kilo: wa kwanza ni uzito wa juu wa gari pamoja na mzigo wake, wa pili ni uzito wa juu wa gari na tela kwa pamoja, wa tatu ni ekseli ya mbele, wa nne ni ekseli ya nyuma. Magari ya masoko mengine mara nyingi hayana huo mstari wa pili, kwa hiyo utafute kwenye kitabu cha gari la mwaka ule ule, injini ile ile na giaboksi ile ile. Mstari huo wa pili ndio unaowaumiza wanunuzi. Tangazo litasema gari linavuta kilo 3,500. Lakini chukua pikapu ya milango minne ambayo jumla yake na tela haitakiwi kuzidi kilo 6,000. Tela likiwa kweli na 3,500, gari zima limebakiwa na 2,500. Likiwa tupu na tangi limejaa, lina kama 2,200. Kilichobaki ni kilo 300: dereva, vibarua watatu, jeki na tairi la akiba, basi, umemaliza. Bampa la chuma na paa la bodi alivyoongeza mwenye gari wa kwanza navyo vinakula humo humo. Anayetaka kupakia tani moja kwenye bodi na bado avute tani tatu na nusu nyuma hatafuti pikapu, anatafuta lori la Canter.

Kuna uzito mwingine usioandikwa kwenye tangazo: ule ambao shingo ya tela inaukandamiza kwenye ndoano. Kwa kawaida ni kama asilimia 10 ya uzito wa tela, yaani kilo 350 kwa tela la 3,500. Ukiwa pungufu sana, tela huyumba barabarani. Ukizidi, mkia wa gari hulala. Na kwa kuwa ndoano iko nyuma ya ekseli, kilo hizo hazikai palepale. Gari lenye mita 3.2 kati ya ekseli zake, na ndoano iliyo mita 1.2 nyuma ya ekseli ya nyuma, ekseli hiyo huongezewa kilo 481, na ya mbele hupunguziwa 131. Ndiyo maana usukani huwa mwepesi, taa zikamulika miti, na chesisi ikaanza kuchoka pale nyuma ya kibini.

Sasa ingia chini. Kabla ya kulala, simama pembeni utazame mwanya kati ya kibini na bodi. Unatakiwa uwe sawa juu na chini. Ukiona juu umepanuka na chini umebana, chesisi imelala mkia. Ondoka, usianze hata kupatana bei. Chini, fuata mihimili miwili ya chesisi kwa vidole kuanzia nyuma ya kibini hadi mwisho. Unatafuta rangi iliyopasuka, mstari mwembamba wa kutu, weldi isiyo ya kiwandani, na bati la kuimarishia. Bati hilo muuzaji atalisifia kwamba gari “limeongezewa nguvu”; uliza lilikuwa linafunika nini. Kagua hasa vishikio vya springi za nyuma na mahali mpira wa hewa wa kuinulia mkia ulipokuwa umefungwa, kwa kuwa mpira huo husukuma sehemu moja ya mhimili badala ya kugawa uzito kwenye vishikio viwili. Springi zilizonyooka au kuinamia upande wa pili wakati gari ni tupu zinaeleza historia ambayo dalali hataisema.

Ndoano yenyewe ishikwe na bolti pande zote mbili za chesisi. Ikiwa imechomelewa kwenye bampa tu, hesabu kwamba utanunua nyingine. Matundu ya bolti yaliyovutika yakawa ya mviringo mrefu maana yake ilikuwa inacheza ikiwa na mzigo. Tazama pia soketi ya umeme ya pini 7 na nyaya zake: waya zilizochubuliwa na kusokotwa kwa mkono ndizo zinazokuzimia taa usiku.

Difu, yaani boksi la gia lililo katikati ya ekseli ya nyuma, ndiyo hufuata. Fungua bolti ya kujazia oili, chovya kidole. Oili ya kijivu kama chai ya maziwa imeingiwa na maji. Yenye vumbi la kung’aa inatoa chuma. Vipande unavyoweza kuvishika ni meno. Katika majaribio ya barabarani, mlio wa kuimba unaosikika ukikanyaga mafuta na kubadilika ukiachia mara nyingi ni difu. Unaobadilika ukikata kona kushoto na kulia mara nyingi ni beringi za magurudumu.

Tairi kubwa za kupendezesha ni hasara kwa kazi hii. Kutoka 265/65R17 hadi 285/70R17 mzunguko wa tairi huongezeka asilimia 7, sawa na kufungiwa difu yenye gia ndefu zaidi. Gari linapanda mlima likiwa zito, klachi inaumia, na spidomita inasoma chini ya mwendo halisi.

Baada ya hayo yote ndipo boneti ifunguliwe, na injini iwe baridi. Weka kiganja juu ya injini. Ikiwa na joto, mwambie muuzaji utarudi kesho alfajiri. Injini iliyopashwa huficha nozeli mbovu. Iwashe, tazama ekzosi: moshi mweupe unaowasha macho kwa dakika kadhaa ni dizeli isiyoungua, wa bluu ni oili. Ikishapata moto, fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Mvuke kidogo ni kawaida. Ikipumua kwa nguvu kama inayohema, pistoni na ringi zimechoka, au nozeli zinapitisha gesi pembeni.

Hilo la nozeli lina uzito wake kwenye Hilux za D-4D zenye injini ya 1KD ya lita 3.0. Sili za shaba chini ya nozeli zikivuja, gesi chafu huingia kwenye oili, masizi huganda, na chujio la kufyonzea oili kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) huziba. Injini hufa kwa kukosa oili ilhali oili imejaa. Fundi mwenye mashine ya kusoma kompyuta ya gari aangalie marekebisho ya mafuta ambayo kompyuta inaifanyia kila nozeli injini ikiwa ya moto bila mzigo: yakizidi +3 au -3, nozeli hiyo ina lake. Kisha ulizia mkanda wa taimingi ulibadilishwa lini. Kama hakuna karatasi, hesabu haujabadilishwa. Hilux hiyo ya 3.0 hutoa nguvu ya mzunguko ya 343 Nm na iliruhusiwa kuvuta kilo 2,250 au 2,500 kulingana na mwaka na soko. Si ya tani tatu, hata kama jirani yako anaitumia kuvuta tani hizo. Ile iliyoingia mwaka 2015 na injini ya 1GD ya lita 2.8 hufika 3,500 kwa baadhi ya masoko na giaboksi, na mnyororo umechukua nafasi ya mkanda.

Ford Ranger ya silinda tano, lita 3.2, ina 470 Nm na kwa kuvuta ni gari tamu kweli. Ila pampu yake ya oili haitaki uzembe: oili ikimwagwa ikaachwa inachuruzika zaidi ya dakika 10 hivi, pampu hupoteza mfyonzo, na injini ikiwashwa huzunguka bila oili. Kwa hiyo uliza nani amekuwa akiifanyia sevisi na kwa namna gani. Maji ya rejeta yakipungua bila kuonekana yanapovujia, shuku kipoozeo cha gesi ya ekzosi. Isuzu D-Max yenye 4JJ1 ya lita 3.0 ina 380 Nm katika matoleo ya kuanzia 2012. Ni ya kishamba kidogo ndani, lakini mafundi wake na spea zake hupatikana hadi miji midogo, na huko ndiko gari la kazi huharibikia.

Land Cruiser 79 yenye injini ya 1HZ isiyo na turbo huombwa na kila mtu. Ni ngumu, pampu yake ya dizeli haina kompyuta, na inastahimili dizeli ya dukani kwenye madumu. Lakini 285 Nm zake ni za usawa wa bahari. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 1 kila mita 100 za kupanda, kwa hiyo Mbeya au Nairobi umeshaacha kama asilimia 17 njiani, na tela bado lina uzito ule ule. Ukikuta mtu ameifungia turbo ya mtaani, kuwa mwangalifu: vyumba vidogo vya kuchomea mafuta kwenye silinda hedi hupasuka kwa joto la ziada.

Klachi ijaribu hivi: mwendo wa kilomita 50 kwa saa, gia ya nne, kanyaga hadi mwisho. Mizunguko ikiruka na mwendo ukabaki, diski imekwisha. Giaboksi ya otomatiki siyo adui wa tela. Kuanza mlimani na kurudi nyuma na tela ni rahisi kuliko kuunguza klachi. Ila oili yake inukiwe. Ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, iliwahi kupikwa. Ukitumia gari kuvuta, usisubiri zaidi ya kilomita 60,000 kuibadilisha, hata ukiambiwa “haibadilishwi maisha yote”.

Jaribio la mwisho ni mlima. Weka kilo 500 kwenye bodi, upande dakika 15 kwa gia ya tatu huku mashine ikisoma joto halisi la maji, kwa kuwa mshale wa deshibodi nyingi husimama katikati mpaka mambo yameharibika. Digrii 85 hadi 95 ni sawa. Likipita 105 na kuendelea, rejeta imeziba, au feni haishiki, au gasketi ya silinda hedi imeanza kuharibika. Wakati wa kushuka, gia ile ile ya kupandia itoshe kulizuia gari. Ukilazimika kushikilia breki muda wote, kuna tatizo la gia au la uzito. Tela lenyewe liwe na breki zake: kwenye nchi za Ulaya zinatakiwa kwa tela linalozidi kilo 750, na kipimo hicho ni kizuri hata pale ambapo askari haulizi.

Kuhusu gari limetoka wapi: za Uingereza huwa na vitabu vya sevisi vinavyosomeka, lakini chumvi ya barabarani hula chesisi; Nissan Navara D40 zimejulikana kwa kukatika nyuma ya kibini kwa kutu, kwa hiyo gonga mihimili kwa nyundo ndogo na usikilize. Za Thailand, linganisha namba ya chesisi na mwaka, maana nyingine zimevalishwa sura ya toleo jipya. Hilux za Japani zilirudi sokoni huko mwaka 2017, zina lita 2.4, chujio la masizi kwenye ekzosi na kimiminika cha urea. Hakikisha unakoishi kinapatikana. Kwa Kenya, kumbuka gari lililozidi miaka 8 haliingizwi.

Ukishanunua, kabla ya kufunga tela: oili ya injini, ya giaboksi, ya transfa (boksi la gia la magurudumu manne) na ya difu zote zibadilishwe siku moja, vichujio vya dizeli pia, na maji ya breki. Tarehe na kilomita ziandikwe ndani ya mlango. Baada ya kilomita 100 za kwanza na mzigo, simama, kaza upya bolti za ndoano na za magurudumu ya tela, kisha gusa kila haba (kitovu cha gurudumu) kwa mgongo wa kiganja. Ambayo ni ya moto kuliko wenzake ina breki iliyokamata au beringi inayokufa.