Ndio wifi, napiga pasi nguo za watu

Wifi asalamu alaykum. Voisi yako ya dakika saba nimeisikiliza yote, tena mara mbili, mara ya pili nlikuwa na pasi mkononi kwa hivo nlicheka peke yangu kama mwenda wazimu. Unauliza eti ni kweli nimeacha kwetu nikaja Uingereza kuwa dobi, na kama ni kweli napata ngapi, na nikuletee pasi ya mvuke uanze na wewe hapo Wete, Pemba, na yule mtoto wa dada ako anaetaka kuja kusoma huku nae aifanye jioni apate pesa ya kula. Maswali manne kwa pumzi moja. Na hukuuliza peke yako, nimewasikia wenzio wanacheka nyuma, basi wasikilizishe na hao.

Ndio, ni kweli. Napiga pasi nguo za watu kwa pesa, hapa hapa nyumbani Northampton, kwenye kile chumba cha juu ulichokiona kwenye video ukasema kama stoo. Nlianza 2018 baada ya kumzaa wa pili. Jirani yangu mmoja aliona kanzu za mume wangu zimetundikwa dirishani siku ya kuamkia sikukuu, akagonga mlango akauliza nani kazinyoosha vile, nikamwambia mie, akasema mume wangu mimi ana mashati matano kila wiki na mimi nachukia pasi kuliko kitu chochote duniani, utachukua ngapi? Nikasema pauni tano yote. Pauni tano! Mashati matano ya pamba mazito yale. Ndo ujinga wa mwanzo huo.

Na pasi sikujifunzia huku wallahi. Unakumbuka ule umeme ulivokatika Unguja mwisho wa 2009 mpaka Machi 2010, miezi mitatu mji kiza, mie nlikuwa kwa khalati, dada wa mama, Kikwajuni nasoma. Pasi ya mkaa ilitoka uvunguni siku ya pili tu. Unapepea, unapuliza, jivu likiruka kwenye shati jeupe la skuli ushaharibu, kwa hivo khalati alinifundisha niitoe nje kwanza nimwage jivu, nipitishe pasi kwenye jani la mgomba iteleze, nijaribu kwenye kanga kuukuu, ndo niguse nguo ya mtu. Watoto wa mtaa mzima waliniletea yunifomu. Ile subira ya kuangalia pasi kabla hujaishusha ndo inayonilisha mpaka leo.

Haya, pesa, maana najua ndo mnalosubiri. Nakupa wiki iliyopita kama ilivo kwenye daftari langu, wala sikufichi. Nguo themanini, nyingi mashati na suruali za kazi na nguo za watoto, pauni 112. Ukipiga kwa shilingi, pauni moja zaidi ya elfu tatu, najua hapo ushaanza kuhesabu mabati. Ngoja kwanza. Kusimama na pasi masaa tisa. Kuchukua na kurudisha nguo kwa gari saa mbili na nusu, maana huku mteja anataka umfate mlangoni. Kukunja, kutia kwenye mifuko, kujibu meseji za "unaweza kesho asubuhi?" saa nyengine nzima. Jumla saa kumi na mbili na nusu. Petroli pauni sita, umeme kama tatu, hanga na mifuko na maji ya pasi tatu, na bima ukiigawa kwa wiki kama mbili. Imebaki 98. Gawa. Haifiki pauni nane kwa saa. Na toka Aprili 2025 mshahara wa chini kabisa huku kwa mtu mzima ulikuwa pauni 12.21 kwa saa, yaani mtu anaepanga biskuti kwenye rafu za supamaketi ananizidi, na yeye akiumwa mgongo ana ruhusa ya kukaa nyumbani.

Sasa utasema kwa nini naifanya. Kwa sababu nikipigiwa simu na skuli kwamba mtoto ana homa mie nipo. Kwa sababu mume wangu anafanya usiku kwenye ghala na mchana analala, na kumlipa mtu akuangalizie mtoto huku kunakula mshahara wenyewe. Ndo hivo tu, hakuna siri. Jumamosi na Jumapili naenda kwenye kazi yangu ya kuangalia wazee, ile ndo inayolipa kodi ya nyumba. Pasi ni pesa ya mboga, na ndo humo inamotoka ile ninayowatumieni, kwa hivo mkiona imechelewa mjue kuna mteja kasafiri.

Makosa nshafanya mengi. Mwanzo niliona wenzangu wanatoza kwa kilo, nikasema na mie kwa kilo, rahisi, unapima mfuko kwenye mizani ya jikoni basi. Akaja mama mmoja na nguo za mtoto wa mwaka mmoja. Wifi, kilo moja ya jinzi haifiki hata suruali mbili, dakika kumi umemaliza. Kilo moja ya vifulana vya mtoto ni vipande kumi, kumi na mbili, kila kimoja kina kimkono na kikola na kimfuko cha pambo mbele, na bei ile ile! Nlikaa nayo mpaka saa sita ya usiku. Toka siku hiyo natoza kwa nguo, shati pauni moja na nusu, foronya ya duveti tatu, mtu asietaka namwambia asante.

Jengine ni blauzi. Hii siisahau. Ya kijani, imeteleza kama hariri, nikaona hariri basi, sikutazama lebo nyuma ya shingo kwa sababu nlikuwa naongea na simu, tena nlikuwa naongea na nyinyi. Nimeshusha pasi, nikasikia inashika, ile kama mtu kakanyaga ubani wa kutafuna. Nikainyanyua na kitambaa kikaja nayo. Harufu ya plastiki chumba kizima, na kwenye blauzi tundu lenye umbo la ncha ya pasi, zuri limekatika kama la fundi. Pauni 45 nimelipa, wiki nzima ya kazi wakati ule. Lebo ina kipicha cha pasi na nukta ndani yake: nukta moja ni moto mdogo, kama digrii 110, mbili 150, tatu 200. Nailoni haitaki zaidi ya moja, pamba na kitani ndo zinastahamili tatu. Siku hizi kabla ya kuwasha pasi nazigawa mafungu matatu, naanza na za nukta moja napanda, sirudi nyuma, maana pasi kupata moto ni haraka lakini kupoa utaisubiri mpaka uzeeke, na kuisubiri huku imewashwa ni umeme unapotea.

Na maji. Maji ya mji huu yana chokaa, birika likikaa wiki mbili limefanya ukoko mweupe ndani kama sufuria ya uji. Pasi ya mvuke inayanywa yale yale, halafu siku moja inakutemea tope la rangi ya kahawia kwenye kifua cha shati jeupe, na mwenye shati anaenda harusini saa kumi. Nlilifua tena, nikalikausha kwa dryer ya nywele, nikalipiga tena, saa tisa na nusu nlikuwa mlangoni kwake natabasamu. Hakujua mpaka leo. Sasa nanunua maji yaliotolewa chokaa.

Halafu harufu, hapa mtacheka. Wiki moja mama mkwe wako, yaani mama yangu, alinitumia papa mkavu kwa mkono wa mgeni, nikampika papa mchuzi wa nazi vizuri, nyumba nzima raha. Kesho yake mteja ananiambia kwa adabu zao zile, eti nguo zake zina "harufu ya kuvutia kidogo". Nilitamani ardhi inimeze. Kwa hivo siku za pasi papa hapikwi, wala ng'onda, wala vitunguu havikaangwi, na mlango wa chumba naziba kwa taulo chini. Hata udi. Kwetu kanzu ukishaipiga pasi ukaipitisha juu ya chetezo mtu anakuombea dua, huku nlimfanyia mwanamke mmoja kwa mapenzi yangu akanirudishia nguo zote, mtoto wake ana pumu. Nlijisikia vibaya sana, hakukosea yeye.

Watu wa kudhulumu wapo kila nchi. Mmoja kaniachia deni la pauni 60 akahama, simu haipokei. Tangu hapo nguo hazitoki mlangoni bila pesa.

2022 ndo nlitaka kuacha. Umeme ulipanda, Oktoba ya mwaka ule serikali yenyewe iliuzuia kwenye kama peni 34 kwa uniti, mwaka mmoja kabla yake ilikuwa kama 21. Nikaongeza peni 20 kwa shati, wateja wawili wakaondoka kimya kimya, hata kwaheri. Walobaki ndo hawa nilonao.

Sasa huyo mtoto wa dada ako. Mwambie wazi wazi, mie sitaki lawama baadae. Akija kwa viza ya mwanafunzi haruhusiwi kufanya biashara yake mwenyewe, hata ya pasi, hata ya maandazi. Kama ni digrii anaruhusiwa kuajiriwa saa 20 kwa wiki wakati wa masomo, kuajiriwa, si kujiajiri. Anaemwambia "hakuna anaejua" hatakuwepo siku viza ikifutwa. Na wa viza ya kutembelea ndo kabisa, asishike hata hanga. Mie nna ruhusa ya kukaa, na bado nimeandika barua kwa mwenye nyumba kumuomba, nimekata bima kwa ajili ya nguo za watu, na watu wa kodi wananijua. Pauni 1,000 za mwanzo za biashara kwa mwaka hawana haja nazo, ukipita hapo unajiandikisha kabla ya tarehe 5 Oktoba baada ya mwaka wao wa kodi kuisha, na hesabu unapeleka mwisho wa Januari. Ndo maana ya lile daftari. Mnanicheka naandika mpaka hanga moja, nacheka na mie, lakini silali na wasiwasi.

Na asiuze mtu kiwanja kuja kupiga pasi. Nimesema.

Wewe sasa. Pasi ya mvuke nitakuletea, plagi za huku na za kwetu ni zile zile miguu mitatu, haina haja ya adapta, ila usinitie presha, mpaka apatikane mtu anaekuja na mzigo mdogo. Lakini kwa kweli hapo Wete huihitaji kuanza. Nyunyizia nguo maji, zizonge kama mkeka, ziache saa nzima unyevu uenee, halafu pasi ya kawaida inatosha, na utazipiga zote kwa mara moja usiwashe na kuzima washe na kuzima, TUKUZA, ule umeme wa kulipia kabla, itakumaliza. Pasi ya mkaa usiitupe, siku umeme haupo ndo siku wote wanakuja kwako. Usianze na majirani wa mlango kwa mlango, hao watakuletea fungu na "tutaonana wifi". Anza na walimu na manesi, hawana wakati, na mshahara wao una tarehe. Kanzu bei yake mbali, ya wanga mbali, na ukifukiza udi sema mapema ni shilingi ngapi, hapo kwetu watalipa. Na kumi la mwisho la Ramadhani weka mwisho wa kupokea, ukishajaza andika mlangoni pamejaa, maana ukimkubalia kila mtu usiku wa sikukuu utalia wewe na kanzu za mji mzima, na kaka yangu atakwenda kuswali na shati la jana.

Mgongo usiuinamishe, ubao ufike kiunoni. Mie nlifanya mwaka mzima kwenye meza ya kulia chakula na sasa nikisimama saa mbili mguu wa kushoto unakufa ganzi.

Hebu nambie, ule ubao wa pasi wa mama mkwe wako, ule mzito wa mninga uliokuwa ukumbini, bado upo au mshautia kuni?