Kabla hujagusa kifunga fundo: ulishaji wa nyasi kwenye bela ndogo

Kaa siku chache tu kwenye mashamba ya nyasi za Boma Rhodes, iwe Uasin Gishu, Nakuru au Laikipia, utaona jambo hili: robota likitoka vibaya kwenye bela, ile mashine ya kufunga nyasi, kila mtu anakimbilia kifunga fundo, kile kifaa kinachofunga kamba. Spana zinatolewa, springi zinakazwa, kamba ya katani inalaumiwa. Mara nyingi fundo halina kosa lolote. Kamba imelegea kwa sababu upande ule wa robota hauna nyasi za kutosha, na hauna nyasi kwa sababu uma za kulishia hazikuzifikisha huko. Wewe unayeanza kazi hii, jifunze ulishaji kwanza, yaani jinsi mashine inavyopeleka nyasi ndani ya chumba cha kugandamizia. Ninazungumzia bela ndogo za marobota ya pembe nne yenye kamba mbili, maana ndizo utakazokutana nazo, nyingi zikiwa zimeshafanya kazi yao ya ujana huko Ulaya kabla hazijatufikia.

Anza na njia ya nyasi. Kiokotaji, lile pipa lenye meno ya springi, huinua nyasi kutoka kwenye mstari wa nyasi zilizokatwa na kurekiwa. Zikishafika juu, nyasi haziingii moja kwa moja chumbani. Kwenye bela za kawaida chumba cha kugandamizia kiko kushoto, na kiokotaji kimejitokeza kulia, kwa hiyo nyasi lazima zisukumwe kando. Hiyo ndiyo kazi ya uma za kulishia, katika mashine nyingine zikisaidiwa na parafujo ndefu inayozunguka. Plunja, ile pistoni inayogandamiza nyasi, ikirudi nyuma, uma zinaingia chumbani na fungu la nyasi, zinaliacha humo, zinatoka. Plunja inakuja, kisu chake kinakata nyasi zilizobaki zikining'inia mlangoni, na fungu lile linakuwa tabaka moja la robota. PTO, ile shafti ya trekta inayoendesha mashine, ikiwa kwenye mizunguko yake 540 kwa dakika, plunja za bela nyingi ndogo hupiga kati ya mara 70 na 100 kwa dakika, na uma zinaingia na kutoka mara hizo hizo. Huwezi kulifuatilia kwa macho, wala usijaribu kuinama kuchungulia. Soma robota.

Usisome lile la kwanza, maana chumba kilikuwa bado hakijajaa sawasawa. Chukua la tano au la sita. Simama nyuma ya mashine ukiitazama trekta: kulia ndiko uma zinakotokea, kushoto ndio upande wa mbali. Na hata robota likiwa limeshaanguka na kubiringika, bado utajua upande upi ni upi. Upande wa kulia una ncha za nyasi zilizokatwa na kisu, zimesimama kama brashi. Wa kushoto una mikunjo. Sasa bonyeza kila upande kwa ngumi. Ingiza kidole chini ya kila kamba uivute. Kisha kata kamba zote mbili, uliache robota lifunguke taratibu, na utoe tabaka moja moja. Tabaka likiwa nene kulia na jembamba kushoto, mithili ya kabari, umeshapata jibu: uma hazifiki mbali. Ndiyo sababu robota linapinda. Upande uliojaa ukitoka kwenye mbano ulio nyuma ya chumba hutanuka, upande uliopungukiwa hauna cha kutanua, basi robota linajikunja kuelekea upande ule laini. Kamba ya upande huo inalegea, ikifika kwenye lori inachomoka, na mteja anasema fundo lako ni bovu.

Dawa yake iko kwenye uma zenyewe. Zitazame vizuri mashine ikiwa imezimwa: utaona zimefungwa kwenye mhimili wenye matundu kadhaa, au zenyewe zina sehemu mbili tatu za kushikiza pini. Jino linalohusika zaidi ni lile lililo karibu na mlango wa chumba. Nyasi zikiwa chache au nyepesi, lisogeze kuelekea chumbani ili lisukume fungu mpaka ukuta wa mbali. Nyasi zikiwa nzito na mstari mnene, lirudishe nyuma, maana fungu kubwa hujisukuma lenyewe, na jino likiingia sana litazirundika zote kushoto. Hapo kupinda kutageuka upande wa pili. Sogeza tundu moja tu, kisha funga marobota kadhaa na uyasome tena. Watu wana tabia ya kusogeza mawili kwa pamoja na kukaza mbano papo hapo. Robota likibadilika hawajui ni kipi kilicholibadilisha. Tia rangi kidogo kwenye tundu ulilolikuta, utalihitaji siku ukitaka kurudi ulikoanzia.

Mbano ule wa nyuma ndio mtego mkubwa kwa wageni. Robota likiwa laini upande mmoja, mkono unakwenda wenyewe kwenye zile hendeli mbili za kukaza. Ukikaza wakati ulishaji hauko sawa, upande uliojaa unazidi kuwa mgumu, upande mtupu unabaki vilevile, na mzigo wote unaangukia kamba, plunja na bolti ya flaiwili, lile gurudumu zito linalotunza nguvu ya mzunguko. Kaza mbano baada ya tabaka kuwa sawa pande zote mbili, si kabla.

Kabla ya uma pia kuna mambo. Mstari uliorekiwa vibaya haurekebishiki ndani ya mashine. Nyasi zikija kwa mafungu, hapa kichuguu, pale tupu, uma zitalisha mafungu na mapengo, na robota moja litakuwa na tabaka nane nene, linalofuata tabaka ishirini nyembamba. Mimi hupenda robota la kawaida, la karibu sentimita 90, liwe na tabaka 12 hadi 18. Zikipungua sana, unakwenda mbio au mstari ni mnene mno. Zikizidi sana, reki mistari miwili iwe mmoja, au panda gia. Usiguse mkono wa mafuta (throttle). Hili nalirudia kwa kila kijana ninayepanda naye trekta: mwendo unaubadilisha kwa gia, mizunguko ya PTO inabaki pale pale. Ukipunguza mafuta ili uende polepole, umepunguza kiokotaji, uma, plunja na kifunga fundo kwa pamoja, na flaiwili inakosa ile nguvu ya kupita kwenye fungu zito.

Urefu wa kiokotaji kutoka ardhini uangalie kwenye udongo, si kwenye kiti. Meno yachane nyasi juu ya mabua yaliyobaki. Yakigusa ardhi yanavunjika, yanaingiza vumbi na mawe, na jino lililovunjika linaweza kuishia ndani ya robota, kisha ndani ya ng'ombe. Zile fimbo ndefu zinazolala juu ya kiokotaji wengi huzing'oa wakidhani ni mapambo au zinaziba. Zina kazi kubwa. Ndizo zinazozilaza nyasi zikae tulivu mpaka uma zizishike, na bila hizo nyasi fupi zinarushwa juu au kupeperushwa na upepo wa mchana. Zishushe kwa nyasi nyepesi, ziinue kwa mstari mnene.

Sasa tufike mahali ambapo watu huharibu mashine. Uma na plunja hugawana chumba kimoja kwa zamu. Zamu hiyo imepangwa kwa mnyororo, gia au mikono ya chuma, kutegemea aina ya bela, na ikikosewa kidogo plunja inazikuta uma ndani. Mwenye bahati anapoteza bolti, asiye na bahati anapoteza uma zenyewe. Bolti ya kukatika kwenye mfumo wa ulishaji imewekwa iwe dhaifu kwa makusudi. Ikikatika, tafuta iliyo sawa nayo kwa ukubwa na ugumu. Usitie ngumu zaidi eti uondokane na usumbufu. Na kabla ya kuweka mpya, soma kitabu cha mashine hiyo, kwa sababu kwenye bela nyingine bolti ikikatika uma zinapoteza zamu, na lazima uzirudishe kwenye alama yake kwanza. Baada ya kuiweka, zungusha flaiwili kwa mkono, taratibu, mzunguko kamili wa plunja na zaidi, ukiangalia uma zikitoka kabla kisu hakijapita. Zungusha kwa mwelekeo wake wa kawaida wa kazi. Ikikwama, simama hapo hapo utafute kinachogusa.

Hili la usalama sitalipamba. Nyasi zikiziba kwenye kiokotaji au mlangoni, kata PTO, zima injini, toa ufunguo utie mfukoni, subiri flaiwili isimame kabisa. Flaiwili huendelea kuzunguka baada ya PTO kukatwa, na plunja inaendelea kupiga. Kuvuta nyasi kwa mkono au kuzisukuma kwa mguu mashine ikiwa inazunguka ndiko kunakowapotezea watu mikono, kwa sababu nyasi zikishikwa zinakwenda na mkono kabla vidole havijapata nafasi ya kuachia. Mwenye shamba akikuharakisha kwa sababu wingu limetanda, mwache aharakishe.

Kuna dalili zinazofanana na ulishaji mbaya na kumbe sivyo. Robota likiwa na mikia mirefu upande wa kulia, kisu kimekuwa butu au nafasi kati yake na kile kisichosogea imekuwa kubwa. Inatakiwa iwe chini ya milimita moja, na kipimo halisi kiko kwenye kitabu. Kisu kibovu kinaburuta nyasi badala ya kuzikata, tabaka zinashikana, na mlango unaonekana kama umeziba. Dalili nyingine: uma zinasukuma vizuri lakini nyasi zinarudi mlangoni. Tazama vile vijino vya springi kwenye kuta za chumba, vinavyozishika nyasi plunja inaporudi. Vikikwama kwa kutu au kwa nyasi zilizojibana nyuma yake, tabaka linachipuka kurudi nyuma na kukutana na fungu jipya. Visafishe kwa bisibisi kila asubuhi, kazi ya dakika tano.

Mabua ya ngano yana tabia yake. Narok au Timau, nyuma ya kombaini, mabua yamekauka, yanateleza, na jua la saa saba yanavunjika vipande vidogo vinavyopita kati ya meno. Uma zikiyasukuma hayashikani, yanarudi. Kwa kazi hiyo jino la karibu na chumba lisogezwe ndani zaidi kuliko kwenye nyasi, fimbo za juu zishushwe, na kama ratiba inaruhusu, funga asubuhi au jioni mabua yakiwa yamelainika kidogo. Nyasi za kawaida ni kinyume chake: ukizifunga zina umande, fungu linakuwa zito, linanata, uma zinahangaika, na robota litaota ukungu ghalani. Subiri unyevu ushuke hadi asilimia 15 au 18 hivi. Mabua ya mpunga ya Mwea ni magumu, marefu, na yanajizungusha kwenye kila kinachozunguka. Yanakula visu na meno haraka kuliko nyasi, kwa sababu mpunga una silika nyingi, madini magumu kama ya mchanga. Ukitoka Mwea kurudi kwenye Rhodes, kagua visu kabla ya kuhama. Lusani nayo inataka upole tu: mwendo wa pole, kuifunga ikiwa bado na ulaini kidogo, maana kila inapopigwa majani yanadondoka, na majani ndiyo mali.

Ukikutana na bela inayofuata nyuma ya trekta kwa mstari ulionyooka, ile inayolisha kutoka chini, mambo yanabadilika kidogo. Nyasi huingia katikati na kupandishwa juu, kwa hiyo usawa wa kulia na kushoto unategemea zaidi dereva kuuweka mstari katikati ya kiokotaji. Za marobota ya duara hazina uma za namna hii. Pale kazi ni kujaza upana wote wa chumba, ukiendesha upande mmoja kwa muda, kisha mwingine, si kuyumba kama mlevi kila mita chache.

Neno moja kuhusu malipo, kwa sababu linaathiri ulishaji kuliko watu wanavyokubali. Bela nyingi za kukodi hulipwa kwa idadi ya marobota. Robota jepesi lenye tabaka chache linaongeza idadi, na mwendeshaji anaweza kuacha uma vibaya kwa faida yake. Mfugaji anayenunua huliinua, hulitikisa, hubonyeza pande zote mbili, na wengine wanatembea na mizani. Mimi hufunga marobota ya mwanzo mwenye shamba akiwa amesimama hapo, tunakata moja mbele yake, tunakubaliana uzito na idadi ya tabaka, ndipo ninaendelea.

Msimu ukiisha, toa nyasi zote kwenye njia ya ulishaji, hasa zilizojibana nyuma ya uma, kwa sababu hushika unyevu na kula chuma. Shika kila uma kwa mkono uitikise: ikicheza kwenye bushi yake, inabadilisha mahali inapofikia hata kama pini iko kwenye tundu lile lile. Linganisha urefu wa ncha zake na uma mpya, au na ile ambayo hufanya kazi kidogo. Agiza bushi na meno sasa, shamba likiwa kijani, maana mvua zikikatika kila mtu mwenye bela atakuwa kwenye duka lile lile.