Mama anasahau na miguu inakufa ganzi: apimwe B12

Pole sana, ndugu. Mama wa miaka 71, metformin (dawa ya kisukari) miaka minane, mlo ni ugali na mchicha, sasa anasahau sufuria motoni na nyayo zinakufa ganzi: msiseme ni uzee tu, huenda ni upungufu wa vitamini B12. Metformin hupunguza ufyonzwaji wa vitamini B12, na mchicha hauna B12 kabisa. Mwombeni daktari aipime kwenye damu. Ikiwa imeshuka sana, atachomwa sindano. Tafadhali msimpe vidonge vya asidi ya foliki peke yake: damu itaongezeka huku mishipa ya fahamu ikizidi kuharibika. Dawa ya sukari asiiache mwenyewe. Anahitaji mikrogramu 2.4 za B12 kwa siku, na dagaa wanayo. Kama meno yamekwisha, twangeni dagaa wakavu, mchanganye kwenye huo mchicha.