Maji yanayotuama sakafuni ndani ya tangi la dizeli: yatokee katikati au pembeni?
Ndugu, kwa tangi la kipenyo cha mita 30 uliloulizia, mimi ningeinamisha sakafu kuelekea katikati, kisha hapo niweke sampu, yaani kishimo cha kukusanyia maji. Ukiinua katikati, maji yanakimbilia ukutani. Udongo ukititia, na mara nyingi katikati ndiko hutitia zaidi, mteremko unakufa, maji yanalala, kutu inaanza kula. Mteremko wa 1:120, yaani kushuka mita 1 kwa kila mita 120, unakupa sentimita 12.5 tu kati ya ukuta na katikati. Matangi ya mafuta ya ndege hujengwa kwa 1:30, yaani nusu mita nzima! Bomba la kutolea maji lipite ndani, juu ya sakafu, litokee ukutani. Usilifukie chini ya tangi, likivuja hutaliona. Valvu nayo ifunguliwe polepole, la sivyo utavuta dizeli na maji yabaki palepale.